UZI: "Nataka" kwa Kijapani – hoshii, -tai na -te hoshii, panapoharibika na sababu zake

#1 Karani_wa_Kanji

Wakuu, swali la "nataka" kwa Kijapani linarudi kila mara na majibu yametapakaa kwenye nyuzi nyingi. Naliweka hapa mahali pamoja. Wenye kujua waongezee, penye kosa mnisahihishe.

Kwanza, acheni kutafuta kitenzi. Vitenzi vipo, 欲する (hossuru) na 望む (nozomu), lakini hivyo ni vya maandishi na hotuba. Hakuna anayevitumia akiwa na kiu. Katika mazungumzo, "kutaka" kwa Kijapani ni kivumishi, na makosa mengi ya wanaoanza yanatokana na kukichukulia kama kitenzi.

Kiswahili kinabeba mambo matatu kwa "taka" moja. Kijapani kinayatenganisha:

- Nataka simu → スマホが欲しい (sumaho ga hoshii)
- Nataka kulala → 寝たい (netai)
- Nataka ulale → 寝てほしい (nete hoshii)

Tazameni upande wa Kiswahili. Baada ya "nataka" kuna nomino, au kitenzi chenye ku-, au kitenzi kinachoishia na -e. Mpaka wetu na mpaka wao ni uleule! Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili hana haja ya kukariri sheria mpya hapa: atunge sentensi kichwani kwa Kiswahili, aangalie kilichofuata "nataka", achague.

Sasa umbo. Kivumishi chetu hakibebi wakati; tunasema "alikuwa mrefu", kazi ya wakati inafanywa na "kuwa". Kivumishi cha Kijapani kinachoishia na -i kinajibebea chenyewe:

欲しい hoshii – nataka
欲しくない hoshikunai – sitaki
欲しかった hoshikatta – nilitaka
欲しくなかった hoshikunakatta – sikutaka
欲しければ hoshikereba – ukitaka
欲しくて hoshikute – kwa kuwa nataka / nilitaka
欲しくなる hoshiku naru – kuingiwa na hamu

Kwa adabu, ongeza です (desu) mwishoni, basi. Hiyo desu ni ya heshima tu, haibebi wakati. Kwa hiyo ni 欲しかったです (hoshikatta desu). "Hoshii deshita" ni kosa, tena ndilo kosa la kwanza utakalolisikia darasani. Vilevile "hoshii da" haipo. Ukitaka kusema "nadhani nataka", ni 欲しいと思う (hoshii to omou), bila da katikati.

Na -tai inafuata umbo hilohilo neno kwa neno: tabetai, tabetakunai, tabetakatta, tabetakunakatta.

#2 Njugu_Mawe

Uzi umekuja wakati mzuri. Ila mkuu, kipimo chako cha -e kina tundu. "Nataka urudi", "nataka asafiri", "nataka ujibu": vitenzi vya asili ya Kiarabu haviishii na -e. Anayeanza atakwama hapo.

Halafu, -tai inabandikwa wapi? Nimeona mtu anaandika "taberutai".

#3 Karani_wa_Kanji

Njugu, umenishika. Nairekebisha: usiangalie mwisho wa kitenzi, angalia kama kitenzi cha pili kina mtu wake. Nataka *ku*rudi: anayetaka na anayerudi ni mmoja, tumia -tai. Nataka *u*rudi: watu wawili, tumia -te hoshii.

Kubandika -tai: chukua umbo la -masu (umbo la adabu la kitenzi), ng'oa masu, weka tai.

食べます → 食べたい tabetai (kula)
飲みます → 飲みたい nomitai (kunywa)
待ちます → 待ちたい machitai (kusubiri)
話します → 話したい hanashitai (kuzungumza)
します → したい shitai (kufanya)
来ます → 来たい kitai (kuja)

Kwa sababu hii, anayejifunza umbo la -masu kwanza hapati shida. Anayeanza na umbo la kamusi ndiye anayeandika "taberutai" au "nomutai".

Mitego iko kwenye vitenzi vinavyofanana sura. 帰る na 変える vyote vinasomwa kaeru. "Kurudi nyumbani" ni 帰りたい (kaeritai), "kubadilisha" ni 変えたい (kaetai). 切る na 着る vyote ni kiru: "kukata" ni 切りたい (kiritai), "kuvaa" ni 着たい (kitai). Kitai hiyo ya kuvaa inafanana kwa herufi za kana (zinazoandika sauti) na kitai ya kuja, kwa hiyo kwenye maandishi kanji (herufi za asili ya Kichina, zinazobeba maana) ndiyo inayokuokoa. Na 見たい (mitai, kutazama) msiichanganye na みたい (mitai) yenye maana ya "kama", ambayo huandikwa kwa hiragana (aina mojawapo ya kana).

#4 Binti_Mzizima

Naomba msaada kwenye vijineno ga (が) na o (を) vinavyofuata nomino. Kwa "nataka kunywa maji", kitabu kimoja kinasema 水が飲みたい (mizu ga nomitai), kingine 水を飲みたい (mizu o nomitai). Kipi sahihi? Na kwa nini, kwa "nataka kwenda Japani", sijawahi kuona 日本が行きたい (nihon ga ikitai)?

#5 Mshale_wa_Mtoni

Vyote viwili ni sahihi, ila si kila mahali. Hapa inabidi twende taratibu, maana jibu la "vyovyote tu" linaloenea mitandaoni limeharibu wengi.

Anza na hoshii peke yake: kinachotakwa kinachukua ga. Kuruma ga hoshii, jikan ga hoshii. Kivumishi hakina uwezo wa kubeba o. Akili ya Kijapani inaisoma sentensi hiyo karibu na "gari ni lenye kutamanika kwangu", si "ninalitamani gari".

-tai ina damu mbili. Nusu yake ni kitenzi (nomi-), nusu ni kivumishi (-tai). Kitenzi kinavuta o, kivumishi kinavuta ga. Ndiyo maana unaona zote mbili. Kinachoamua ni haya:

Ga inakaa vizuri kitenzi kikiwa kifupi na cha kila siku (kula, kunywa, kununua, kutazama), na kinachotakwa kikiwa jirani kabisa na kitenzi, hasa ukitaka kukisisitiza. Umeulizwa 何が飲みたい? (nani ga nomitai), unajibu 水が飲みたい: ni maji, si kitu kingine.

O inachukua nafasi maneno yakiingia katikati. この本を今日中に図書館で読みたい (kono hon o kyoojuu ni toshokan de yomitai), nataka kusoma kitabu hiki maktabani leo hii. Ukiweka ga hapo, msikilizaji anapotea kabla hajafika kwenye yomitai.

O pia hushika kitenzi kikirefushwa: 宿題をやってしまいたい (shukudai o yatte shimaitai), nataka kuimaliza kazi ya nyumbani niachane nayo.

Kwenye -tai, anayetendewa akiwa mtu, tumia o tu. 母を助けたい (haha o tasuketai) ni "nataka kumsaidia mama". Ukisema 母が助けたい, msikilizaji ataanza kudhani mama ndiye anayetaka kusaidia.

Halafu kuna o ya njia au ya mahali unapotoka, ambayo si ya kitendwa (kinachotendewa) hata kidogo: 空を飛びたい (sora o tobitai), kuruka angani, 公園を散歩したい (kooen o sanpo shitai), kutembea bustanini, 家を出たい (ie o detai), kuondoka nyumbani. Hizi hazigeuki kuwa ga kamwe.

Swali lako la mwisho linajibika hapo hapo. Ga inabadilishana na o ya kitendwa tu. Kijineno kingine chochote kinabaki kama kilivyokuwa: 日本に行きたい, 友達に会いたい (tomodachi ni aitai, kuonana na rafiki), バスに乗りたい (basu ni noritai, kupanda basi). Fanya hivi: rudisha sentensi kwenye -masu. Kama ulikuwa unasema kijineno ni (に), endelea na hiyo ni. Kama ulikuwa unasema o, ndipo una ruhusa ya kuchagua.

Kwenye ukanushaji mara nyingi vyote hupisha kijineno wa (は): お酒は飲みたくない (osake wa nomitakunai), pombe sitaki kunywa. Na "sitaki chochote" ni 何も欲しくない (nani mo hoshikunai), bila ga wala o.

#6 Kombo_la_Wino

Maelezo mazuri sana. Ila "kivumishi hakina uwezo wa kubeba o" umekaza mno. Wajapani wenyewe utawasikia wakisema 〜を欲しい (…o hoshii), hasa ndani ya sentensi ndefu zenye と思う (to omou) mwishoni.

#7 Mshale_wa_Mtoni

Kweli, husikika. Nalegeza: kwenye mtihani na kwenye maandishi rasmi andika ga na hutakosea. Ukiisikia o mtaani usimsahihishe mwenye lugha yake.

#8 Tui_Zito

"Nataka kuwa daktari" ni ipi? 医者が欲しい (isha ga hoshii)?

#9 Karani_wa_Kanji

Hapana! Hiyo ni "nataka daktari", utaletewa daktari. Kuwa ni なる (naru): 医者になりたい (isha ni naritai). Vivumishi vya -i vinageuka kuwa -ku: 強くなりたい (tsuyoku naritai), nataka kuwa na nguvu. Vya -na (aina ya pili, vinavyochukua na mbele ya nomino) vinachukua kijineno ni: 元気になりたい (genki ni naritai), nataka kupata afya.

Naru hiyo hiyo inakuokoa kwenye vitenzi visivyo na hiari. わかる (kuelewa) na できる (kuweza) ni vitenzi ambavyo jambo linakutokea, huliamui, kwa hiyo wakaritai na dekitai zinasikika vibaya au za ajabu. Sema 日本語がわかるようになりたい (nihongo ga wakaru yoo ni naritai), nataka nifike mahali pa kuelewa Kijapani.

Na "ningependa" isiwapeleke kwenye 好き (suki). Suki ni mapenzi ya kudumu: 水が好きです (mizu ga suki desu) ni "mimi ni mpenzi wa maji". Mhudumu wa mgahawa atakutazama akisubiri umalizie.

#10 Njugu_Mawe

Nimemwambia Mjapani 妹は自転車が欲しいです (imooto wa jitensha ga hoshii desu, mdogo wangu wa kike anataka baiskeli), akaitikia huku anakunja uso. Sarufi si iko sawa?

#11 Kombo_la_Wino

Sarufi ya maneno iko sawa, ila kuna jambo linalokosekana. Hamu iko ndani ya moyo wa mtu, na Kijapani hakikuruhusu kuisemea ya mwenzako kama vile umeingia ukaiona. Hoshii na -tai zikiishia sentensi hivihivi ni za mimi, na kwenye swali ni za wewe. Za yeye zinahitaji uoneshe umejuaje. Si hoshii peke yake. Samui (kuona baridi), ureshii (kufurahi), kowai (kuogopa), vivumishi vyote vya hisia vinafuata utaratibu huo.

Kuna njia kadhaa, na kila moja inasema umejuaje:

自転車を欲しがっている (jitensha o hoshigatte iru): anaonesha kwa nje kwamba anaitaka
自転車が欲しいと言っている (…hoshii to itte iru): amesema mwenyewe
自転車が欲しいそうだ (…hoshii soo da): nimesikia
自転車が欲しいらしい (…hoshii rashii): inavyoelekea
自転車が欲しそうだ (…hoshisoo da): kwa kumtazama tu, anaonekana anaitaka

Chungeni hizo mbili za soo. *Hoshii soo da* ni kusikia, *hoshisoo da* ni kuona. Tofauti ni i moja. Upande wa -tai ni hivyohivyo: ikitai soo da, amesema (au nimeambiwa) anataka kwenda, ikitasoo da, sura yake inasema anataka kwenda.

-garu inakigeuza kivumishi kuwa kitenzi kamili, kwa hiyo ga inaondoka, o inarudi: ケーキを食べたがっている (keeki o tabetagatte iru). Kinanyumbulika kama kitenzi chochote cha kundi la kwanza (kama nomu, kunywa): tagaranai, tagatta, tagatte. Na tofauti ya wakati inahesabika: 子供は甘いものを食べたがる (kodomo wa amai mono o tabetagaru) ni tabia ya watoto kwa jumla, tabetagatte iru ni mtoto fulani sasa hivi.

#12 Binti_Mzizima

Kwa hiyo nikimzungumzia mkurugenzi wangu natumia -tagatte imasu?

#13 Kombo_la_Wino

Usithubutu. -garu ina harufu ya kulilia kitu, kung'ang'ania, kuonesha bila kujizuia. Kwa mtoto, kwa paka, kwa mdogo wako, sawa. 社長は帰りたがっています (shachoo wa kaeritagatte imasu) inamchora mkurugenzi kama mtu anayehangaika kwenye kiti anatamani kutoroka. Sema 社長はお帰りになりたいそうです (shachoo wa okaeri ni naritai soo desu) au お帰りになりたいとおっしゃっています (…to osshatte imasu).

Pia sheria ya "yeye" inalegea -tai ikiwa katikati ya sentensi badala ya kuimaliza. 行きたい人は手を挙げてください (ikitai hito wa te o agete kudasai), wanaotaka kwenda wanyooshe mkono: hapo hamna shida. 田中さんが行きたいなら (Tanaka san ga ikitai nara), kama Tanaka anataka kwenda: hamna shida. Kwenye riwaya pia, msimulizi anayeingia ndani ya mioyo ya wahusika anaitumia bila kizuizi. Kwa hiyo ukisoma 彼は帰りたかった (kare wa kaeritakatta) kwenye hadithi usidhani mwandishi kakosea.

#14 Tui_Zito

-te hoshii bado haijaguswa vizuri.

#15 Mshale_wa_Mtoni

Twende. Kitenzi kiweke kwenye umbo la -te (umbo la kuunganisha), ongeza hoshii, na anayetakiwa kutenda apewe kijineno ni: 田中さんに来てほしい (Tanaka san ni kite hoshii), nataka Tanaka aje. Vitu visivyo na hiari kwa kawaida huchukua ga: 雨が降ってほしい (ame ga futte hoshii), natamani mvua inyeshe.

Kwenye maandishi, hoshii inayosimama yenyewe huandikwa kwa kanji, 欲しい. Ikifuata -te, kawaida ya nyaraka rasmi ni hiragana, てほしい.

Ukanushaji ni mahali ambapo Mswahili anatembea kwenye njia anayoijua:

来ないでほしい (konaide hoshii) – nataka asije
来てほしくない (kite hoshikunai) – sitaki aje

Kiswahili kinaweza kukanusha upande wowote, Kijapani vilevile, na uzito wake unafanana. Ya kwanza inaelekea kwenye ombi, na ukimwambia mtu usoni inakaribia "tafadhali usije". Ya pili inatangaza msimamo wa msemaji, na inasikika kavu zaidi. 言わないでほしい (iwanaide hoshii), naomba usiseme, ndiyo inayofaa kwa rafiki.

Sasa matamshi, maana hapa ndipo Waswahili tunapoanguka. Irabu zao tano ni kama zetu, hilo limetudekeza. Lakini kwetu urefu wa irabu unakuja na mkazo, silabi ya pili kutoka mwisho inajivuta yenyewe, tena, ukiacha m na n za "mmoja" na "nne", konsonanti mbili zinazofanana hatunazo. Kwao urefu unabadilisha neno:

来てほしい kite hoshii – nataka uje
聞いてほしい kiite hoshii – nataka unisikilize
切ってほしい kitte hoshii – nataka ukate
切手が欲しい kitte ga hoshii – nataka stempu

Kwenye *kitte*, ulimi unafunga kwenye t, unakaa kimya pigo moja, ndipo unaachia. Pigeni kofi kwa kila pigo: ki-te mawili, ki-i-te matatu, ki-(kimya)-te matatu. Kwa kipimo hichohicho ho-shi-i ni matatu. Ukilimeza la mwisho unapata 星 (hoshi), nyota. Na ho-shi-ka-(kimya)-ta ni matano. Wengi wanatamka "hoshikata" na kimya kinapotea.

#16 Njugu_Mawe

Kuna 着て (kuvaa) pia, nayo ni kite.

#17 Mshale_wa_Mtoni

Ndiyo, na hapo tofauti iko kwenye mwinuko wa sauti. Kwa lafudhi ya Tokyo, 来て inaanza juu ikashuka: KIte. 着て haishuki. Kana haioneshi hilo, sikiliza sauti.

#18 Binti_Mzizima

Sasa adabu. Mgahawani nikisema 水が欲しいです (mizu ga hoshii desu) kuna ubaya?

#19 Karani_wa_Kanji

Utaeleweka, na utasikika kama mtoto anayetangaza shida yake. Hoshii inaeleza hali ya moyo wako, si ombi. Jiulize: dukani Dar es Salaam unaingia na "nataka maji" au "naomba maji"? "Naomba" yetu ndiyo ください (kudasai) na お願いします (onegai shimasu): お水をください, お水、お願いします. Anayetofautisha nataka na naomba kwa Kiswahili tayari ana sikio linalohitajika.

Ukitaka msaada kwa upole, -tai inalainishwa hivi: 郵便局に行きたいんですが… (yuubinkyoku ni ikitain desu ga…), "nilikuwa nataka kwenda posta…", halafu unanyamaza. Kinyamazo ndicho ombi, mwenzako anajaza. Ukikosa hiyo -n desu ga, ikitai desu inaishia kuwa taarifa tu, atakujibu "aa, hivyo?"

Katika hotuba na mahojiano wanaongeza と思います / と思っています: 発表を始めたいと思います (happyoo o hajimetai to omoimasu), naomba kuanza kuwasilisha. 留学したいと思っています (ryuugaku shitai to omotte imasu), nina nia ya kwenda kusoma nje. -te imasu inaonesha nia uliyokaa nayo muda.

Kumuuliza mkubwa anataka nini ni mtego mbaya zaidi. コーヒーが飲みたいですか (koohii ga nomitai desu ka) inachokonoa hamu yake. Hata ukiivalisha heshima, 召し上がりたいですか (meshiagaritai desu ka), bado inachokonoa. Uliza kuhusu kahawa, si kuhusu moyo wake: コーヒーはいかがですか (koohii wa ikaga desu ka), au 何になさいますか (nani ni nasaimasu ka). Kwa rika lako, 飲みませんか (nomimasen ka) yatosha. Kwa rafiki wa karibu 飲みたい? haina neno.

Kukataa je? Mwenyeji akikuongezea chakula humwambii "sitaki", unamwambia "nimeshiba". Nao vivyo hivyo: 食べたくないです (tabetakunai desu) ni kofi. 結構です (kekkoo desu), もうお腹がいっぱいです (moo onaka ga ippai desu).

Na -te hoshii kwenda juu haipandi. Kwa mwalimu au bosi ni 〜ていただけませんか (-te itadakemasen ka), au 〜ていただきたいのですが (-te itadakitai no desu ga). Zingatieni ya pili: kuna -tai ndani yake, kwa sababu ni "ningetaka kupokea fadhila ya wewe kufanya".

#20 Tui_Zito

Naweka sentensi, zichaneni:

1. 日本が行きたいです。 (nihon ga ikitai desu – Nataka kwenda Japani)
2. 昨日、新しい靴が欲しいでした。 (kinoo, atarashii kutsu ga hoshii deshita – Jana nilitaka viatu vipya)
3. 弟はケーキが食べたがっています。 (otooto wa keeki ga tabetagatte imasu – Mdogo wangu wa kiume anataka kula keki)
4. 先生、手伝ってほしいです。 (sensei, tetsudatte hoshii desu – Mwalimu, nataka unisaidie)
5. 母は私に医者になりたいです。 (haha wa watashi ni isha ni naritai desu – Mama anataka niwe daktari)

#21 Kombo_la_Wino

1. 日本に行きたいです。Mshale ameshaeleza, kijineno ni (に) hakigeuki.

2. 欲しかったです. Wakati unakaa kwenye kivumishi. Kwa maana pia, hoshikatta mara nyingi inaacha kivuli kwamba hukupata, kama "nilitaka viatu vipya" yetu inavyomfanya mtu asubiri "lakini".

3. ケーキを. Umeshakigeuza kuwa kitenzi kwa -garu, ga haina kazi tena.

4. 先生、手伝っていただけませんか (tetsudatte itadakemasen ka). Sarufi yako haina kosa. Kosa ni kumpa mwalimu agizo.

5. Hii ndiyo yenye utamu, ina makosa mawili yamepandana. Watu ni wawili, mama na wewe, kwa hiyo -tai haifai, ni なってほしい. Na anayetaka ni mama, mtu wa tatu, kwa hiyo huwezi kuishia hapo. Kamili: 母は私に医者になってほしいと言っています (haha wa watashi ni isha ni natte hoshii to itte imasu), kama amelisema. Kama hajalisema ila unamjua, ほしいと思っているようです (hoshii to omotte iru yoo desu). Vijineno ni (に) viwili vinafuatana, usiogope: ya kwanza ya mtendaji, ya pili ya naru.

#22 Njugu_Mawe

Kidogo nje ya mada: hoshii na -tai ni ndugu kwa asili?

#23 Karani_wa_Kanji

Hapana, ila kuna undugu mwingine. Katika Kijapani cha enzi ya Heian (794–1185) kiambishi cha kutaka kufanya jambo kilikuwa まほし (mahoshi), na hoshi iliyomo ndani yake ndiyo hoshii ya leo. Baadaye たし (tashi) ikaisukuma nje, na kutoka tashi tukapata -tai. Kwa hiyo kuna wakati ambapo "nataka kitu" na "nataka kufanya" zilitoka shina moja, kama "taka" yetu.

#24 Binti_Mzizima

Moja ya mwisho. "Kitabu ninachokitaka" na "kitu ninachotaka kula"? Ninaweka nini kati ya kivumishi na nomino?

#25 Mshale_wa_Mtoni

Huweki chochote. 欲しい本 (hoshii hon), 食べたいもの (tabetai mono). Ile "-cho-" yetu yote haina mwenzake. Kivumishi kinatangulia nomino, kwisha. Ukiweka の katikati, "hoshii no hon", umekosea. Ukitaka wakati uliopita, unageuza kivumishi palepale kilipo: 欲しかった本 (hoshikatta hon), kitabu nilichokuwa nakitaka. Na です haiingii hapo kabisa. Adabu inakaa mwisho wa sentensi: これは私が欲しかった本です (kore wa watashi ga hoshikatta hon desu).